Muulize Bwana Samaki: Kinyesi cha dagaa na hewa ukaa

Mwezi uliopita, katikati ya jibu kuhusu msimu wa vibua, nilichomeka mistari minne nikisema samaki wanaisaidia bahari kuizamisha hewa ukaa. Sikuwa na nia ya kuzua jambo. Barua zilizokuja zimezidi hata zile za mwaka juzi, niliposema ngisi wa Mafia anamshinda ngisi wa Pemba, na nadhani mnakumbuka nilivyotukanwa. Basi safu ya leo yote ni ya mistari ile minne. Barua nimezifupisha na salamu ndefu nimezikata. Maneno makali nimeyaacha pale yalipokuwa na hoja.

SWALI: Shikamoo Bwana Samaki. Mimi ni mjumbe wa BMU, kikundi chetu cha kusimamia uvuvi wa pwani, huku Kilwa. Amekuja mgeni na kishikwambi chake, akatuonyesha picha za samaki na michoro ya rangi. Anasema samaki wanahifadhi kaboni, na tukiufunga mwamba wetu kwa miaka kumi tutalipwa kila mwaka kwa kaboni ya hao samaki. Ameacha mkataba, anataka tuwe tumesaini kabla hajarudi mwisho wa mwezi. Wenzangu kalamu ziko mkononi. Huyu ni mkweli au tapeli?
(Mjumbe wa BMU, Kilwa)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Waambie wenzako wafunike kalamu kwanza, tuongee.

Ubaya wa habari hii ni kwamba nusu yake ni kweli. Uongo mtupu mngeugundua wenyewe palepale barazani.

Bahari humeza kama robo ya hewa ukaa yote tunayoitoa binadamu. Ikishaingia majini, vijimea vya kijani visivyoonekana kwa macho, yaani planktoni, huitumia kujijenga kwa nguvu ya jua, kama mhindi ufanyavyo shambani. Planktoni inaliwa na vijidudu, vijidudu vinaliwa na dagaa, dagaa analiwa na kibua, kibua analiwa na jodari. Katika kila mlo sehemu kubwa ya kaboni inapumuliwa na kurudi majini hukohuko juu. Sehemu nyingine inatokea nyuma. Wanisamehe walio mezani, lakini habari yote ya leo iko huko nyuma. Kinyesi cha samaki kimefungwa kama kidonge, ni kizito, kinazama. Kikishapita mita mia kadhaa kwenda chini, kinaingia kwenye maji yasiyochanganyika upesi na ya juu, na kaboni iliyofika huko inaweza kukaa mamia ya miaka kabla haijaonana tena na hewa.

Mwaka 2021 watafiti walioongozwa na Grace Saba wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walikusanya vipimo vilivyokuwa vimetawanyika huku na huku, wakapata kwamba samaki wanachangia wastani wa asilimia 16 ya kaboni inayozama kutoka tabaka la juu lenye mwanga. Hiyo ni kama tani bilioni 1.5 za kaboni kwa mwaka. Mzigo huo si wa kitoto: mafuta, gesi na makaa ya mawe yanayochomwa dunia nzima yanatoa kama tani bilioni 10 za kaboni. Nadhani mgeni wenu alichotea michoro yake hapo. Lakini watafiti haohao waliandika pembeni ya ile 16 kwamba inaweza kupanda au kushuka kwa 13. Yaani huenda ni 3, huenda ni 29. Mwenye duka gani atanunua gunia la mchele akiambiwa ndani mna kilo 3, au labda 29?

Halafu mzigo wenyewe haukuanzishwa na BMU ya Kilwa. Samaki wamekuwa wakizamisha kaboni tangu babu zetu hawajajua kuchonga mtumbwi, na hali ya hewa tuliyoizoea imekaa juu ya kazi hiyo. Biashara ya kaboni hulipia kilichoongezeka, au kilichookolewa kisipotee, na lazima mtu aweze kukipima na kuthibitisha kuwa ni chenu. Mkoko mkiulinda leo, kesho mtaukuta palepale. Kolekole aliyekunya mwambani kwenu asubuhi, jioni yuko Songosongo. Samaki hana hati ya kiwanja.

Na kuna suala la kina, ambalo wenye michoro hulisahau daima. Mimi nimefanya kazi Mkondo wa Unguja na Mkondo wa Pemba. Mkondo wa Unguja ni maji mafupi, sehemu nyingi bildi ya kupimia kina inagonga chini kabla kamba haijafika mita 60. Mkondo wa Pemba unaporomoka hadi mita 800 hivi. Kidonge kilekile cha kinyesi kikidondoka Mkondo wa Pemba kina safari mbele yake. Kikidondoka juu ya mwamba wenu wa pima sita, kinatua kwenye matumbawe, kaa wanakigombania, bakteria wanamalizia, na kaboni yake inarudi juu kabla ya bamvua lijalo.

Mkitaka kuona kaboni ya pwani inayolipwa kweli, vukeni mpaka mwende Gazi, kaunti ya Kwale. Mradi wa Mikoko Pamoja unauza kaboni ya mikoko tangu 2013. Ni hekta 117, kama tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, na fedha zake zimeleta maji na vitabu vya shule. Tazameni ukubwa wa kitu chenyewe: maji na vitabu, hakuna aliyejenga ghorofa. Na kinachouzwa pale ni mikoko, ambayo mtu anaizungukia kwa kamba na daftari akaipima.

Kwa hapa Tanzania, tangu kanuni za biashara ya kaboni za 2022, mradi wa namna hiyo lazima usajiliwe, na kituo cha taifa kinachoratibu mambo ya kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mwombeni mgeni barua ya kutoka huko. Akianza kukunja kishikwambi, mmepata jibu.

Kufunga mwamba ni jambo jema, ufungeni. Songosongo wamekuwa wakifunga miamba ya pweza kwa miezi mitatu, na siku ya kufungua watu wanatoka na pweza wa kubeba begani. Fungeni kwa ajili ya pweza basi. Miaka kumi ni ndoa, na ndoa haifungwi kwa kuonyeshwa picha.

SWALI: Bwana Samaki, habari za kazi. Mimi nachemsha na kuanika dagaa Bagamoyo, wateja wangu wakubwa ni Wakongo. Binti yangu karudi likizo kutoka chuo ananiambia, "Mama, kila dagaa unayemwanika ni kaboni umeitoa baharini." Nimemwambia na ada yake imetoka kwa dagaa haohao. Mkweli nani?
(Mama dagaa, Bagamoyo)

JIBU: Wote wawili, mama, ila ada imeshinda.

Tuanze na mafuta ya injini. Mwaka 2011 vyombo vya uvuvi duniani vilichoma kama lita bilioni 40 za mafuta, vikatoa gesijoto sawa na tani milioni 179 za hewa ukaa. Lakini lita hizo hazikugawanywa sawa kwa sawa. Wanaokula mafuta mengi kwa kila kilo ni kamba na kamba-koche. Samaki wadogo wa makundi, wanaozungushiwa wavu mara moja wakajaza boti, ndio wanaotumia mafuta kidogo kuliko wote. Mkongo akinunua dagaa wako badala ya nyama ya ng'ombe, ameipunguzia hewa mzigo. Mwambie hivyo binti, kwa upole.

Swali ambalo angekuuliza ni la kuni. Lile sufuria la maji ya chumvi unalichemshia nini? Kama ni magogo ya mkoko, hapo ana haki ya kukuandama, maana mkoko uliokatwa unaacha na tope lililokuwa limeshikilia kaboni ya miaka mingi, na tope likikosa mizizi huanza kuiachia. Tafuta kuni za mwarobaini au mkaratusi wa kupandwa, au jiko lenye kuta linalobana moto. Nimekaa kwenye moshi wa jikoni kwa akina mama dagaa wengi, na nusu ya kuni huwa zinampikia upepo.

Sasa nije kwa dagaa mwenyewe, kwa sababu hapa ndipo napapenda. Wewe unajua kuliko mimi kwamba dagaa ni wa giza. Mwezi ukiwa mpevu boti zinalala, wachuuzi wanapiga soga. Giza likirudi, taa zinawashwa na dagaa wanazifuata. Watu wengi hudhani samaki wamevutwa na taa tu. Lakini usiku bahari yenyewe inapanda.

Mwaka 1983, nikiwa kijana niliyetoka chuo cha Mbegani juzijuzi, nilipandishwa kwenye meli ya utafiti ya Norwe, Dr. Fridtjof Nansen, iliyokuwa ikipima samaki wa pwani yetu. Zamu yangu ilikuwa ni kukaa mbele ya mashine ya mwangwi. Mashine za siku hizo zilichora kwa kuunguza karatasi, na chumba kizima kilinuka kama nywele zilizoshika moto. Tulikuwa nje ya Mafia, sakafu ya bahari imeshapotea chini. Mchana ule nikaona ukanda mweusi kama kwenye mita 400. Nikamwita afisa wa zamu, nikamwambia tumefika kwenye mwamba. Akatazama, akacheka, akasema, "Ngoja magharibi." Jua lilipogusa maji, mwamba wangu ukaanza kupanda. Nilikuwa nimeshika penseli, nikawa naweka alama kila dakika kumi: 350, 280, 190. Saa mbili usiku ulikuwa karibu unatugusa ngama.

Wanamaji wa Marekani walihangaishwa na kitu hichohicho wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mashine zao zilionyesha sakafu ya bahari mahali ambapo hakuna sakafu. Ni viumbe hai, wengi wao samaki wa urefu wa kidole, wenye vitaa vidogo tumboni. Mchana wanajificha kwenye giza la mita 200 hadi 1,000, usiku wanapanda kula, alfajiri wanarudi chini na matumbo yamejaa. Wanakula juu, wanakunya chini. Wapagazi wasiolipwa. Makadirio ya uzito wao yanaanzia tani bilioni 1 na kupita 10, ilhali bahari zote za dunia tunazivua kama tani milioni 80 tu kwa mwaka. Si ajabu wapo wanaowamezea mate wawasage kuwa unga wa kulishia samaki wa kufugwa. Ningekuwa na kura moja tu katika mambo ya uvuvi wa dunia, ningeipiga hapo: wale waachwe.

Dagaa wako wanaishi maji mafupi, kwa hiyo mzigo wao hauendi mbali, kama nilivyomweleza mjumbe wa Kilwa. Endelea kuanika. Ila boti ikikuletea dagaa waliovuliwa kwa chandarua cha mbu, usinunue hata wakiuzwa bei ya kutupa. Mle mna watoto wa kila samaki unayemjua.

SWALI: Mnasema samaki aliyezama anakaa na kaboni yake chini. Baruti ikilia, wengi wanazama, sisi tunaokota wachache wanaoelea. Si ina maana tunahifadhi mazingira? Jina sitaji.
(Tanga)

JIBU: Barua hii niliisoma mara mbili nikicheka. Mara ya tatu sikucheka.

Nimepasua changu wa baruti wengi kwenye meza ya diko, kwa ajili ya ushahidi mahakamani. Nje ni mzima kabisa, macho yanang'aa. Ukimpasua, kibofu cha hewa kimechanika, damu imevilia kandokando ya uti wa mgongo, nyama imeachana na mfupa. Anazama kwa sababu kibofu hicho ndicho kilichokuwa kinamwelesha. Na anazama wapi? Pima saba, pima nane, kwenye maji ya joto. Siku tatu ameoza, kaboni yake imerudi ilikotoka. Ili mzoga uhifadhi kitu unahitaji kina cha mamia ya mita, na mimi sijawahi kumkamata mtu wa baruti aliyefika huko.

Tena mzoga ni mara moja. Changu mzima angeishi miaka kadhaa akila na kunya kila siku, na mwamba uliouvunja ungekuwa bado ni nyumba ya wengine mia. Mwandiko wako naufahamu, kijana, ila leo tuseme hatujuani.

SWALI: Kila semina mnatuita sisi wa mshipi na ngalawa. Huko nje kuna meli zenye taa kama mji zinazoa jodari usiku na mchana. Kaboni ya jodari wale mbona hamuihesabu? Nyinyi mabwana samaki mnawaogopa wakubwa.
(Nahodha, Wete)

JIBU: La kuogopa wakubwa nalipokea, nahodha. Nilikuwa na watoto shuleni.

Sasa tuihesabu. Mweke mezani jodari wa kilo 60. Karibu asilimia 12 na nusu ya uzito wa samaki ni kaboni, kwa hiyo jodari wetu ana kilo 7.5. Kaboni hiyo ikishaliwa na kupumuliwa inakuwa hewa ukaa kilo 27 na nusu. Ukichoma lita kumi za dizeli unapata hewa ukaa ileile. Basi mwili mzima wa jodari, samaki anayebebwa na wanaume wawili, ni sawa na dumu dogo la dizeli. Meli inayomfuata kutoka bara jingine inachoma ngapi?

Walikwishaipiga hesabu hiyo kwa samaki wakubwa wote, jodari, papa, nduaro na wenzao. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Gaël Mariani wa Ufaransa walionyesha kwamba samaki wakubwa wanaokufa wenyewe baharini huzama na kaboni yao, na kwamba kwa kuwatoa tangu 1950 uvuvi umerudisha hewani angalau tani milioni 730 za hewa ukaa. Kwa kipimo cha dunia nzima na miaka sabini, hiyo si hesabu ya kutisha. Kilichonikera ni kitu kingine walichokipata: asilimia 43.5 ya kaboni hiyo iliyotolewa kwenye bahari kuu ilitoka maeneo ambako meli zisingepata faida bila ruzuku. Soma tena hapo, nahodha. Serikali za mbali zinalipia mafuta ili meli ikamvue samaki ambaye kumvua ni hasara. Wewe petroli unanunua kwa fedha yako, kwa bei ya kisiwani.

Shirika la Biashara Duniani lilipitisha mkataba wa ruzuku za uvuvi Juni 2022, ukaanza kutumika Septemba 15, 2025. Unazuia ruzuku kwa uvuvi haramu na kwa samaki waliokwisha kuvuliwa kupita kiasi. Sehemu ya ruzuku zinazozidisha idadi na nguvu za meli bado wanavutana. Na Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, mwaka 2016 ilipitisha mpango wa kupunguza uvuvi wa jodari mapezi-njano baada ya kuona anavuliwa kuliko anavyozaa. Karatasi zipo. Mpango na utekelezaji ni ndugu wasiosalimiana siku zote.

Mambo yakisimamiwa, hata hivyo, yanawezekana. Wengine mnakumbuka meli za kukokota nyavu za kuvua kamba mbele ya Rufiji na Saadani, zilivyolima sakafu na kutupa samaki wadogo waliokufa, mpaka maji nyuma yake yakawa meupe. Mwishoni mwa 2007 zilisimamishwa. Wanasayansi wanabishana, tena vikali, ni kaboni kiasi gani inayotimuliwa na nyavu za namna ile kutoka kwenye tope na ni kiasi gani inafika hewani. Wavuvi wa Saadani hawakungoja ubishi huo uishe ili wafurahi.

SWALI: Naendesha boti la kioo huku Diani. Zamani wageni walikuwa wanaona kijani chini. Siku hizi pengine ni mchanga mtupu na vile vidude vya miiba vimejaa, mtalii akikanyaga ni kilio. Wazee wanasema ni joto. Mzee wangu, wewe wasemaje?
(Mwendesha boti, Diani)

JIBU: Barua hii ningependa ingekuja ya kwanza, maana hapa uvuvi na kaboni vinakutana mahali ambapo mtu anaweza kutia mkono.

Vidude hivyo vya miiba vina majina chungu nzima, kila kijiji kina lake, na ukikosea unachekwa. Tuwaite wenye miiba. Kazi yao ni kula: wengine wanatafuna mwamba, wengine nyasi za bahari. Wakiwa wachache hawana neno. Wakiwa wengi wanaigeuza konde kuwa jangwa, shina moja baada ya jingine, wakienda mstari kama vibarua wa kulima.

Adui yao mkubwa ni kikande. Unamjua: mwili kama sahani iliyosimama, ngozi ya msasa, meno kama ya panya, na kiburi kisichomfaa samaki wa ukubwa wake. Nimemwona akiwa kazini nikiwa nimeelea juu na miwani. Anamjia mwenye miiba, anaung'ata mwiba mmoja kwa ncha ya mdomo, anamvuta, anamwachia, anamrudia, mpaka anampindua. Upande wa tumbo miiba ni mifupi. Hapo anapiga meno, maji yanachafuka, na samaki wadogo wanakuja mbio kugombea makombo. Haichukui muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Tim McClanahan, aliyeichunguza miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, alionyesha jambo hili miaka mingi iliyopita. Malindi na Watamu, zilizolindwa tangu 1968, kikande ni wengi na wenye miiba ni wachache. Kwenye miamba inayovuliwa bila mpango ni kinyume chake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wengine waliandika jinsi wenye miiba walivyokuwa wakifyeka nyasi za bahari kwenye pwani hiyohiyo yenu. Na nyasi hizo kaboni yao kubwa haiko kwenye majani. Iko chini, kwenye mizizi na tope iliyoshikana. Juu kukinyolewa, mawimbi ya kusi yanakuja kuchukua mchanga, kisha tope, na akiba ya miaka mingi inaondoka.

Kwa hiyo ukimwona kikande sokoni anauzwa kwa bei ya chini, kitoweo cha siku ambayo mfuko umekauka, ujue umeona mlinzi wa konde amewekwa kikaangoni. Anaingia kwenye dema kirahisi kwa sababu ana pupa na haogopi. Na akishamalizika harudi upesi. Mwamba uliofungwa unaweza kungoja miaka na miaka. Waombeni wavuvi wa dema jambo moja tu: kikande akiingia, arudishwe. Ngozi yake ngumu, anatoka mzima. Na madema yawe na upenyo wa pembeni wa kutokea wadogo. Kenya wameshayajaribu, na samaki wakubwa wenye bei walibaki ndani.

Wazee hawajakosea kabisa kuhusu joto. Mwaka 1998 liliyapausha matumbawe mpaka tukadhani yamekwisha. Ila joto halikuchagua kufyeka nyasi na kuacha wenye miiba wamenenepa.

SWALI: Nimesikia samaki anatengeneza chokaa tumboni. Utani huu umetoka wapi?
(Fundi mwashi, Mji Mkongwe)

JIBU: Si utani, fundi. Samaki wa baharini anakunywa maji ya chumvi mchana kutwa, na kalisi iliyo ndani ya maji hayo inagandia kwenye utumbo wake ikawa chembe nyeupe za chokaa, anazitoa. Mwaka 2009 Rod Wilson wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, na wenzake walikadiria kwamba kati ya asilimia 3 na 15 ya chokaa inayozalishwa baharini inatoka kwa samaki. Usiihesabu kuwa faida tupu, kwa sababu chokaa ikijengeka huachia kiasi cha hewa ukaa majini, na ikiyeyuka hukirudisha. Kwa kupakia kuta haifai. Nimejaribu kufikiria tanuri lake nikaacha.

SWALI: Inasambaa kwenye simu kwamba nyangumi mmoja ni sawa na maelfu ya miti. Hawa wanaopita kwetu pia?
(Msomaji, Mtwara)

JIBU: Nyangumi wa nundu wanapita kwetu kati ya Julai na Oktoba kutoka Bahari ya Kusini, wanakuja kuzaa. Wakiwa huku karibu hawali kitu. Asiyekula hanyi, kwa hiyo mbolea yake anaiacha kulekule kwenye baridi. Hesabu ya miti ilianzia kwa wachumi, na watu wa bahari wengi wameikunjia uso. Mtazameni tu anavyoruka, msimsogelee na boti.

SWALI: Shikamoo babu. Niko kidato cha tatu, Lindi. Mwalimu ametuambia tufanye jaribio la kuonyesha bahari inavyozamisha kaboni, lakini shule haina maabara. Nifanyeje?
(Mwanafunzi, Lindi)

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Tafuta chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, angavu, ikate shingo. Ijaze maji ya bahari yaliyotulia, urefu wa sentimita 20, uipime kwa rula. Kisha nenda diko alfajiri, omba dagaa au vibua wachache wabichi kabla hawajatumbuliwa. Bonyeza taratibu karibu na tundu la nyuma, utapata vidonge. Usione haya, mimi nimelipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Dondosha kidonge kimoja katikati ya chupa na uhesabu sekunde mpaka kiguse chini. Dagaa wa California walipimwa, vidonge vyao vikawa vinazama wastani wa mita 787 kwa siku. Kwa mwendo huo sentimita 20 ni sekunde 22 hivi, na Mkondo wa Pemba unamalizwa kwa siku moja. Vyako vinaweza kuwa vyepesi au vizito zaidi. Rudia mara kumi, andika zote, hata zile zisizokupendeza.

Baada ya hapo chukua vumbi laini la chaki ubaoni, litie kwenye chupa ya pili. Hilo ndilo planktoni yetu, isiyofungwa na samaki yeyote. Liache liendelee kuelea, nenda darasani, urudi mapumziko ulitazame, urudi tena jioni.

Niandikie sekunde ulizopata na aina ya samaki. Chupa ioshe kwa ndimu kabla mama hajaijaza maji ya kunywa.